Joto la kokpiti: namna ya kurusha kindege kidogo Dar bila kuiva

Kila ikifika Desemba maswali ni yale yale. "Kaka, hiyo Cessna ina AC?" "Mbona nikishuka kichwa kinagonga mpaka jioni?" "Hivi dirisha linafunguliwa tukiwa hewani au instrakta atanichinja?" Nimejibu kwenye simu, nimejibu kwa voisi, kuna siku nimejibu mdomo umejaa chipsi mayai. Sasa naandika mara moja, mwingine akikuuliza we mtumie hii.

Swali la AC tulimalize kwanza: usitegemee. AC za ndege ndogo zipo duniani ila zina uzito na zina bei, na hizi Cessna 172 na Piper Cherokee za kujifunzia ukipewa yenye AC nipigie simu nije niione. Utakachopewa ni vidirisha vya hewa na mfuko wako wa uvumilivu.

Kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaanza, maana wengi wanakosea hapo. Ukiwa hewani joto sio shida sana, upepo upo na ukipanda kunapoa. Joto la kukumaliza liko chini, ile nusu saa ya kuanzia unafungua mlango mpaka tairi zinaachana na lami. Na ubaya wake sio jasho. Ubaya wake linakufanya uwe na haraka, unataka tu uondoke hapo upate upepo, ndo unaruka mistari ya cheklisti bila kujijua. Kwa hiyo karibu hatua zote hapa chini ni za chini kwenye lami.

Vitu vya kuwa navyo

- Maji chupa mbili za nusu lita kwa mtu mmoja, safari ndefu ongeza. Zile za kifuniko kigumu, sio vile vifuko.
- Pakiti moja mbili za ORS, famasi yoyote wanazo. Watu wanaichukulia kama dawa ya watoto wanaoharisha, ila mtu aliyetoka jasho saa tatu mfululizo anahitaji chumvi kama huyo mtoto.
- Taulo dogo la pamba. Sio leso za karatasi, zinaachia vipande usoni unafanana na kuku aliyenyonyolewa nusu.
- Kanga moja ya zamani iliyolainika. Hii nitaitaja mara nyingi, usicheke.
- Miwani ya jua ambayo sio polaraizdi. Zile polaraizdi zinaweza kukuzimia skrini, unaona giza mahali palipo na namba.
- Kofia laini isiyo na kile kifungo cha juu utosini, maana hedseti ikikaa juu yake baada ya dakika arobaini utalia.
- Chupa tupu ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza. Unajua ya nini. Wadada kuna vifaa vyenu vya kusaidia, au panga safari fupi fupi.
- Kipima gesi ya kaboni monoksaidi. Sababu iko mbele.
- Kitabu cha ndege yako yenyewe, ile POH. Mi nakwambia mambo ya jumla, kikipishana na mimi kifuate chenyewe.

Hatua

1. Chagua saa, na hakikisha mnaongelea saa ile ile

Januari na Februari Dar inagonga nyuzi 32, 33 mchana, na unyevu ule wa bahari jasho halikauki. Ruka asubuhi mapema au jioni jua likishalegea. Kuanzia saa nne asubuhi kwenda mbele lami imeshashika moto na hewa inaanza kurusharusha ndege, mwanafunzi anatapika alafu anasema udereva wa ndege haumfai, kumbe ni saa tu mbaya.

Angalizo la Waswahili: sisi tuna saa za aina tatu. Ukiambiwa "saa nne" na dada wa ofisini ni saa nne ya Kiswahili, kwenye ratiba ya Kiingereza imeandikwa 10:00, kwenye mpango wa safari ni 0700 Zulu, ile saa ya Greenwich wanayotumia marubani, kwa sababu tuko masaa matatu mbele. Nimeshaona kijana ameandikiwa 0400 akadhani ni alfajiri ya kuku, kumbe ni saa moja asubuhi, kafika usiku wa manane kakaa getini na mlinzi. Huyo afadhali aliwahi. Ukikosea upande wa pili unaruka saa saba mchana.

2. Anza kunywa maji jana

Maji ya kunywa ukiwa umeshakaa kwenye siti yamechelewa. Kunywa vizuri usiku, kunywa asubuhi, lengo lita mbili mpaka nne kwa siku nzima kutegemea na jasho lako. Ukienda haja ndogo angalia rangi, ikiwa kama chai ya rangi bado hujafika.

Kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona: wanafunzi wanaacha kunywa maji makusudi kwa sababu kwenye ndege hakuna choo. Naelewa, aibu ni kitu kizito. Lakini bora usimamishe somo mara moja kuliko kusoma altimita, kile kipimo cha urefu, huku unaona mbili mbili. Nenda haja kabla ya kutoka, kunywa kidogo kidogo njiani, na chupa ya mdomo mpana iwepo.

Enaji drinki za asubuhi achana nazo, moyo unaenda mbio na joto lenyewe linaukimbiza tayari. Dafu fresh kabisa, ila sio badala ya maji.

Ukiwa umefunga Ramadhani, ongea na instrakta mapema mpange saa moja au saa mbili asubuhi, ukiwa umetoka kula daku maji bado yapo mwilini. Alasiri ya mfungo ndani ya ndege ndogo mi sipandi na mtu, na nikifunga mwenyewe sirushi saa hizo.

3. Vaa pamba

Shati la pamba, suruali nyepesi, viatu vya kufunika mguu. Zile shati nyeupe za yunifomu za poliesta zinapendeza kwenye picha tu. Riflekta unaivaa kwa sababu ni sheria ya kule ndani, ukishakaa kwenye siti ivue uikunje nyuma, kuna watu wanarusha nayo mpaka Mafia sijui wanajiadhibu kwa kosa gani.

Mafuta ya jua paka mikono na shingo, kwenye paji la uso weka kidogo sana, yakichanganyika na jasho yakaingia machoni wakati wa kutua hutaki.

4. Ukifika kwenye ndege, milango kwanza

Kabla hujagusa kitu kingine fungua milango yote na madirisha, ndo uanze ukaguzi wa nje. Ndege iliyofungwa juani ni oveni. Vyuma vya mkanda vinaunguza kweli, vifunike na kanga au viweke kivulini mwa siti. Paneli ya mbele ni nyeusi, hiyo ndo jiko lenyewe. Ukiwa na ndege ya bawa juu kama 172 unapata kivuli cha bure, kaa chini ya bawa. Wa Piper poleni, nyie mnapanda juu ya bawa lenyewe limewaka.

Sasa kagua matundu ya hewa. Kwenye 172 yako kwenye ukingo wa mbele wa bawa, karibu na mwili wa ndege. Chungulia na tochi ya simu. Nyigu wale wa udongo wanapenda mno kujenga humo, ndege ikikaa siku chache tu wameshapiga ukuta, na wewe hewani unavuta kidirisha, unavuta, hakuna kinachotoka. Hao hao wakijenga kwenye mrija wa pitoti, ule wa kupimia spidi, ndo balaa lingine, huo mrija kagua kila siku hata kusipokuwa na joto. Usichokoe kwa kijiti ukasukumia udongo ndani, mwite fundi.

Wakati tenki limejaa mafuta na ndege imekaa juani ukiona matone yanadondoka kwenye tundu la kupumulia la tenki usishtuke sana, mafuta yanatanuka na joto. Mwonyeshe fundi lakini, usiwe mganga.

5. Geuza pua kwenye upepo

Kama unaruhusiwa kuisogeza kwa mkono kwenye maegesho, isogeze upepo uingie kwa mbele. Kipindi cha kaskazi upepo unatoka kaskazini mashariki, kipindi cha kusi unageuka. Faida mbili: wewe unapata hewa mlangoni, na injini nayo inapumua ukiiwasha.

6. Kazi zote za makaratasi zifanyike kabla hujawasha

Hii ndo hatua inayookoa zaidi na watu wanaipuuza. Mpango wa safari, uzito, masafa ya redio, tableti, maelezo kwa abiria, vyote maliza umesimama chini ya bawa. Ukiingia ndani unaingia kufunga mkanda, kusoma cheklisti na kuwasha. Sio unawasha alafu unaanza kutafuta kalamu.

Piga hesabu ya kupaa ukitumia joto la leo sio la kwenye mfano wa kitabu. Uwanja wa Dar uko futi 182 tu juu ya bahari, lakini siku ya nyuzi 33 hewa imekuwa nyepesi, ndege inajiona iko kama futi 2,300. Dodoma ambako uwanja wenyewe uko karibu futi 3,700, mchana wa nyuzi 30 inajiona iko zaidi ya futi 6,000. Ukijaza watu wanne na mabegi ndo utajua.

Abiria wapande mwisho. Usimkalishe mtu ndani eti "subiri mama nakuja" ukaenda ofisini kusaini. Niliwahi kumpeleka shangazi yangu Zanzibar, nikamweka siti ya nyuma nikaenda kufuatilia karatasi, dakika kumi na mbili tu. Narudi nakuta kajifungua mtandio, anajipepea na kadi ya maelekezo, uso umebadilika rangi. "Mwanangu, we unanipeleka Unguja au unanipeleka ahera?" Nikamshusha, akakaa kivulini, akanywa maji, tukachelewa nusu saa. Mpaka leo hajapanda tena na mimi, anapanda boti.

7. Kuwasha injini

Ikiwa ya baridi, fuata cheklisti basi. Tabu ni ya moto, umetua, umeshusha mtu, unataka kuondoka baada ya dakika ishirini. Injini za kupuliza mafuta, zile za 172S au 206, mafuta yanageuka mvuke kwenye mirija iliyo juu ya injini, unazungusha stata haikamati, na wewe ndani unaiva. Kitabu chako kina utaratibu wa kuwasha injini ya moto, ni tofauti na ule wa asubuhi, usome nyumbani kabla hujauhitaji. Usizungushe stata mfululizo kwa hasira, nayo inaungua. Ukishindwa mara mbili tatu shukeni, fungueni milango, pumzikeni.

Mbinu ya mafundi: ukizima kwa muda mfupi, fungua kile kijimlango cha kupimia oili juu ya injini, joto linatokea hapo. Ila uweke alama ya kukukumbusha kukifunga. Mi natundika ile kanga kwenye siti yangu, siwezi kukaa bila kuitoa na siwezi kuitoa bila kukumbuka kwa nini iko hapo.

8. Kuteksi (kutembeza ndege chini) na kusubiri

Dirisha wazi. Kwenye 172 kitabu kinaruhusu dirisha kufunguliwa mpaka spidi ya nots 163, kwa hiyo kwenye lami usijibane. Wa Piper mnaweza kuushikilia mlango upenyo kidogo mkiteksi taratibu, ila injini ikipandishwa kwa ajili ya kuikagua funga, upepo wa propela unaubamiza. Karatasi zote zibanwe, nimeshaona ramani ya mtu inaenda zake Kipawa.

Kwenye uwanja mkubwa kama wetu utasubiri. Mbele yako kuna ATR, ile ndege ya abiria ya propela, nyuma yake kuna Boeing, mnara unakwambia shikilia hapo, na baada ya dude kubwa kuruka unasubiri tena dakika kadhaa upepo wake utulie. Ukisimama geuza pua kwenye upepo kama nafasi ipo. Angalia joto la oili na la silinda, kama yanapanda waambie mnara, sio aibu kuomba kurudi au kuzima. Usifupishe ile subira ya nyuma ya ndege kubwa eti kwa sababu unatoka jasho.

Alafu kabla ya kuingia ranwei fanya kitu mi naita mzunguko wa kufunga: dirisha la kushoto, mlango wa kushoto, mlango wa kulia, dirisha la kulia, mikanda yote ndani, chupa za maji zimebanwa. Kwa mkono, unagusa kila kimoja, unasema kwa sauti.

Nilijifunza kwa adabu. Ilikuwa Februari, mimi mwanafunzi, naruka peke yangu kwa mara ya tatu hivi, mchana wa saa saba kwa sababu asubuhi nilichelewa. Nilikuwa nimeacha milango yote wazi ipigwe upepo, jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi, nikainama nikauvuta mlango wa kulia puu, nikafunga, nikasema tuondoke hapa. Kuteksi poa. Ranwei 05, nikasukuma throto, ndege ikaachia lami, na hapo hapo ubavuni kulia: TA-TA-TA-TA-TA-TA. Nguvu kama mtu anapiga bati na nyundo. Nikajua injini imepasuka. Mikono inatetemeka, geji zote ziko sawa, sauti haiishi. Nikaomba kurudi, nikazunguka, nikatua vibaya ila nikatua.

Fundi mkuu, mzee mmoja asiyecheka ovyo, akaja, nikamwambia shikamoo mzee, injini inagonga. Hata hakufungua boneti. Akazunguka upande wa kulia, akanyanyua mkanda wa siti ya abiria uliokuwa unaning'inia nje ya mlango, kile chuma kimeshachubua rangi sehemu ya kama kiganja. "Marahaba kijana. Injini nzima. Ila abiria wako wa leo ulimfungia mkanda nje." Ile rangi niliilipia.

9. Kupaa na kupanda

Ukishakuwa salama na huna vizuizi mbele, shusha pua kidogo uongeze spidi badala ya kupanda wima, injini inapata hewa ya kupozea na wewe unaona mbele. Ndege yenye vifuniko vya kupozea injini, kama 182 na 206 nyingi, viwe wazi kwenye kupanda.

Kila futi 1,000 joto linapungua kama nyuzi 2. Dar ikiwa 32, kwenye futi 6,500 uko karibu na 19, raha tupu, abiria wanaomba tufunge kidirisha. Ndo maana ukienda Dodoma panda. Ukienda Zanzibar ni dakika ishirini na kitu hewani, hupati muda wa kupanda juu hivyo, utaenda na joto lako mpaka kule, kwa hiyo safari fupi ndo ya kujiandaa zaidi.

10. Ukiwa hewani

Vile vidirisha vya kuvuta pembeni ya kioo cha mbele, mara ya kwanza elekeza kwa mbali na uso ndo uvute. Vina vumbi, vina mdudu aliyekufa tangu mwaka juzi, vyote vinakuja machoni. Baada ya hapo elekeza kifuani na shingoni, lowesha taulo kidogo weka nyuma ya shingo. Angalia: Dar hewa imejaa unyevu, taulo bila upepo halisaidii kitu, linakuwa tu taulo la moto. Dodoma kukavu, huko hata kujinyunyizia maji kunafanya kazi.

Kunywa mafunda mawili matatu kila robo saa, usisubiri kiu. Chupa irudi mahali pake kila ukimaliza. Chupa ikibiringika ikaingia chini ya pedo za miguuni ni hatari kuliko joto lenyewe.

Tableti isikae juu ya paneli kwenye jua. iPad imetengenezwa kufanya kazi mpaka nyuzi 35, kwenye kioo cha mbele inapita hapo fasta, inaandika inahitaji kupoa na inajizima na ramani yako yote. Iweke pajani, mbele ya upepo, kanga nyepesi juu yake ukiwa huitumii, punguza mwanga wa skrini, usiichaji na kuitumia juani kwa wakati mmoja. Na chora njia kwenye karatasi, karatasi haizimi.

11. Ukitua

Pua kwenye upepo, milango wazi, funika ndege kwa kifuniko cha nje kama kipo. Paki hivyo hata kama umechoka, kesho ni wewe au mwenzio.

Vitu watu wanapenda kujaribu ambavyo mi sishauri

Ile miavuli ya fedha ya kioo cha gari ya Kariakoo. Inazuia jua kwenye paneli kweli, lakini kioo cha ndege sio kioo, ni plastiki ya akriliki, ukibandika kitu cha kuakisi kikagusana nacho kwa ndani, joto linabanwa hapo katikati na kioo kinaanza vimistari. Bora kifuniko cha nje kilicho safi, na kioo kiwe kimefutwa mchanga kwanza, kwa maji mengi na kitambaa laini cha pamba. Dawa za kusafishia vioo vya nyumbani zenye amonia usiguse nazo.

Tinti, usithubutu. Gundi yake inaharibu akriliki, na kubadilisha kitu kwenye ndege kunahitaji kibali, sio fundi wa Ilala.

Vifeni vya shingoni: vizuri, ila mota ina sumaku. Weka mbali na dira. Jaribu ukiwa chini, sogeza kifeni uone dira inavyohama, utashangaa.

Boksi la barafu lenye feni. Linafanya kazi, nimepanda nalo. Lakini lina kilo zake, liingie kwenye hesabu ya uzito, lifungwe, na barafu ikiyeyuka maji yasimwagike kwenye sakafu yenye nyaya. Barafu kavu ndo kabisa usiweke, inatoa kaboni dayoksaidi kwenye kachumba kadogo mlimojifungia.

Kuweka kitu cheupe juu ya paneli ili kuzuia joto. Kinaakisi kwenye kioo cha mbele na unaacha kuona ndege zingine. Na usizibe matundu ya kupozea redio huko juu.

Ikizingua

*Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu.* Usiseme haraka "ni joto tu". Dalili hizo hizo ni za kaboni monoksaidi. Hita ya ndege nyingi ndogo inachota joto kwenye bomba la moshi, na sisi hapa hita hatuitumii mwaka mzima kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuiangalia, bomba linaweza kupata ufa na waya wa hita ukaganda upenyo. Hakikisha kitasa cha hita kimesukumwa ndani kabisa, fungua hewa ya nje yote, tua uwanja wa karibu. Hapo ndo kile kipimo kinalipa pesa yake.

*Hewa ya moto inakuja miguuni na hita imezimwa.* Ni hiyo hiyo ya juu. Andika kwenye kitabu cha kasoro, usimwachie anayefuata.

*Abiria kaacha kutoka jasho, ngozi ya moto, anaongea asichoeleweka.* Hii sio uchovu, ni dharura. Mwambie mnara, tua, aanze kupozwa kwa maji na upepo wakati mnasubiri msaada. Usimlazimishe kunywa kama hajielewi.

*Oili inapanda wakati wa kupanda.* Shusha pua, ongeza spidi, vifuniko wazi, punguza nguvu ukiwa na urefu wa kutosha. Haishuki? Rudi.

*Umeshuka kutoka juu na miwani imejaa ukungu.* Umetoka kwenye baridi unaingia kwenye unyevu wa pwani. Ivue, ielekeze kwenye kidirisha, ifanye kabla ya kuingia mzunguko wa kutua.

*Kidirisha kinadondosha maji mapajani.* Hiyo ni masika, 172 nyingi zinavuja hapo kwenye kona. Weka ile kanga.